Mchanga wa mtoni: nani analipa gharama?

Kila nyumba inayojengwa Tegeta, Boko au Mbagala inahitaji mchanga, na mchanga ulio karibu zaidi uko mtoni. Ndiyo maana kwa miaka mingi malori yamekuwa yakijazwa kwa makoleo katika mito ya Tegeta, Mbezi na Mpiji.

Hata hivyo, kingo za mito ni eneo linalolindwa. Kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinazuia, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ufukwe wa bahari, shughuli za kudumu au zinazoweza kuharibu mazingira.

Mchanga ukichimbwa kupita kiasi, kina cha mto huongezeka. Mvua za masika zikija, kingo humomonyoka na nguzo za madaraja hubaki wazi. Maji ya ardhini nayo hushuka, na mkulima wa mchicha bondeni hulazimika kuchimba kisima chake zaidi. Baharini, ufukwe hukosa mchanga wa kufidia ule unaochukuliwa na mawimbi. Watafiti wa mmomonyoko wa Kunduchi, iliyokuwapo Hoteli ya Africana, wameutaja uchimbaji huo miongoni mwa sababu.

Kiuchumi, tatizo ni bei. Mnunuzi hulipia uchimbaji, upakiaji na usafiri tu. Gharama ya daraja hubebwa na mlipa kodi, na ya bustani hubebwa na mkulima. Kwa hesabu hiyo, mchanga wa mtoni utaonekana rahisi siku zote.

Kukamata malori peke yake hakutoshi, kwa kuwa mahitaji ya ujenzi yako palepale. Kwanza, halmashauri zitenge mashimo rasmi mbali na mito, na mwenye leseni aweke dhamana ya fedha za kufukia shimo kabla hajaanza kazi. Pili, vikundi vya vijana wanaochimba mtoni vipewe kipaumbele huko, wasipoteze riziki. Tatu, mikataba ya barabara na majengo ya Serikali idai stakabadhi inayoonyesha mchanga ulikotoka.

Ni kweli kwamba bei ya tripu moja itapanda. Lakini gharama hiyo ipo hata sasa. Tofauti ni kwamba inalipwa na mtu ambaye hakununua mchanga.