Ziara ya Siku Moja Mombasa: Hoja ya Kupunguza Vituo

Ni nadra kupata idara ya Kiswahili isiyotamani kuwapeleka wanafunzi wake Mombasa. Ziara hiyo huzungumzwa muhula mzima, mchango hukusanywa, basi hutafutwa, na hatimaye ratiba hubandikwa ubaoni. Ratiba yenyewe aghalabu huwa na sura moja. Saa mbili asubuhi, Ngome ya Yesu. Saa tatu u nusu, Mji wa Kale. Saa tano, Bamburi kuwaona wanyama wa Haller Park. Saa nane, ufuoni. Saa kumi na moja, Mama Ngina kupiga picha. Saa moja jioni, basi linaondoka na asiyekuwapo ataachwa. Wanafunzi hurejea bweni wakiwa hoi, simu zimejaa picha, na daftari lina ukurasa mmoja wa tarehe zilizotajwa na mtembezaji.

Makala haya yanashikilia kwamba ziara ya namna hiyo, ijapokuwa huandaliwa kwa nia njema, humnyima mwanafunzi wa Kiswahili kile hasa alichokifuata. Lugha imo vinywani mwa watu, na kinywa cha mtu mzima hakifunguki mbele ya mgeni wa dakika kumi. Kwa hivyo vituo vipunguzwe, mwendo upunguzwe, na siku nzima iachiwe sehemu mbili tu: Mji wa Kale asubuhi na Mama Ngina jioni.

Yamkini mtindo wa kukimbia vituo umeigwa kutoka kwa utalii wa kibiashara. Katika miji mikuu ya Ulaya biashara hiyo imekomaa. Basi hutoka London alfajiri, hupitia Windsor, Stonehenge na Bath, kisha hurudi usiku, na msafiri huhesabiwa kuwa ameiona Uingereza. Mtalii aliyelipa ili aone huenda akaridhika. Mwanafunzi wa isimu na fasihi yuko katika hali tofauti, kwa sababu kilichomleta ni cha kusikilizwa, na sikio halina njia ya mkato.

Uchukuliwe mfano mdogo. Barabara kuu ya Mji wa Kale huitwa Ndia Kuu. Kwa mpita njia hilo ni jina tu juu ya kibao. Kwa mwanafunzi wa lahaja, kibao hicho ni somo zima: pale Kiswahili sanifu kinapotumia "njia", Kimvita husema "ndia". Mbele kidogo muuza kahawa atamkaribisha mgeni kwa kahawa tungu, naye mwanafunzi atakumbuka kwamba "chungu" ya sanifu ndiyo "tungu" ya Mvita, kama "macho" yalivyo "mato". Akikaa na kusikiliza zaidi, huenda akakisikia kile ambacho maandishi ya kawaida hayakionyeshi kabisa, yaani tofauti ya paa la nyumba na paa mnyama wa mwituni, ambaye jina lake hutamkwa kwa mpumuo. Wako wahitimu wengi waliojibu swali la mpumuo katika mtihani na kupata alama nzuri bila kuwahi kuusikia. Hilo ni jambo la kusikitisha katika taaluma, na dawa yake iko umbali wa kikombe kimoja cha kahawa.

Jambo hili lina uzito wa kihistoria pia. Krapf, aliyefika Mombasa mwaka 1844, alikusanya hapo msamiati wa kamusi yake iliyochapishwa mwaka 1882, kamusi iliyoegemea Kimvita. Hata hivyo, mkutano wa mwaka 1928 ulioamua kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa usanifishaji ulifanyika papo hapo Mombasa. Kimvita kiliwekwa kando kikiwa nyumbani kwake. Uamuzi huo ulikuwa na manufaa yake, na hakuna haja ya kuufukua kwa hasira. Lakini mwanafunzi anayekuja Mombasa leo akitumia Kiswahili sanifu cha vitabuni, akapita Kibokoni na Kuze bila kuongea na mtu, anaurudia uamuzi ule bila kujua. Anakiweka Kimvita kando kwa mara ya pili, safari hii kwa sababu ya saa ya basi.

Aidha, fasihi yenyewe inatoa ushahidi. Muyaka bin Haji, aliyeishi Mombasa tangu mnamo 1776 hadi mnamo 1840, alitunga wakati Mvita ikiwa katika mvutano na Seyyid Said, mvutano uliomalizika kwa kuanguka kwa utawala wa Wamazrui mwaka 1837. Tungo zake zilihifadhiwa kwa sababu zilibaki katika kumbukumbu za watu wa mjini, kisha Mwalimu Sikujua akazikusanya na kumsaidia W. E. Taylor kuzielewa, hata Hichens akaweza kuchapisha diwani yake mwaka 1940. Kazi hiyo ilihitaji watu wa kukaa, kuuliza na kurudi tena kuuliza. Ahmad Nassir, mwenye Malenga wa Mvita ya mwaka 1971, na nduguye Abdilatif Abdalla, mwenye Sauti ya Dhiki ya mwaka 1973, wametoka mitaa hiyo hiyo ambayo basi la ziara huizunguka kwa nusu saa. Vitabu hivyo vimo katika orodha za kusomwa vyuoni. Inashangaza kwamba kizazi cha wasomaji wake hufika mlangoni pa watunzi na kuambiwa warudi garini.

Je, siku ya taratibu ipangwe vipi? Kwanza, kundi ligawanywe. Wanafunzi hamsini wakiingia pamoja katika kichochoro cha Mji wa Kale, wenyeji hulazimika kupisha, na mazungumzo hufa. Makundi ya watu sita au saba, kila moja likiwa na mwenyeji aliyekubaliana nalo mapema, huweza kukaribishwa barazani kama wageni. Pili, matembezi yaanze mapema kabla ya jua kuwa kali, kwa mahamri na mbaazi, kisha Ndia Kuu, Msikiti wa Mandhry ukitazamwa kwa nje, na mtaa wa Biashara, ambako majina ya leso yanaweza kusomwa dukani kama matini yoyote ya fasihi. Ngome ya Yesu, iliyojengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, ipewe saa moja na nusu bila kuharakishwa. Tatu, adhuhuri iheshimiwe. Mji hupumzika na watu huswali. Mgeni naye apumzike. Siku ya Ijumaa na mchana wa Ramadhani havifai kwa ziara ya aina hii, na miezi ya kaskazi, takriban Desemba hadi Machi, huwa na joto linalomchosha mgeni wa bara upesi.

Nne, suala la baraza litazamwe kwa makini. Baraza za njiani kwa kawaida ni za wanaume, ilhali wanafunzi wengi wa Kiswahili ni wanawake. Mwandalizi asiyelifikiria hilo atawaacha wasichana wamesimama pembeni huku wenzao wakinywa kahawa. Ni wajibu wake kutafuta mapema mama mwenye nyumba atakayekubali kuwapokea, kwa kuwa tungo za harusi, vitendawili na mafumbo ya leso huhifadhiwa zaidi huko ndani. Mgeni aende na mavazi ya stara, aamkie kwa shikamoo, na asitoe kamera kabla ya kuomba ruhusa.

Jioni iwe ya Mama Ngina. Hapo, kusini mwa kisiwa, penye mibuyu ya kale na mlango wa Kilindini, meli kubwa hupita karibu hata mtu akadhani ataigusa. Bustani hiyo ilifanyiwa ukarabati na kufunguliwa upya mwaka 2019. Baada ya alasiri familia hushuka kupunga upepo, mihogo hukaangwa na kutiwa ndimu na pilipili, na madafu huangushiwa panga. Mwanafunzi asitarajie kusikia Kimvita kitupu hapo. Atasikia Kiswahili cha Mgiriama, cha Mkamba, cha kijana aliyetoka Nairobi juzi, na cha mtoto wa Mji wa Kale anayechanganya vyote makusudi. Baada ya asubuhi ya lahaja moja, jioni hiyo humwonyesha lugha ilivyo leo, na atakayekaa juu ya ukuta wa bahari kwa saa mbili ataondoka na data ya tasnifu.

Wapo watakaopinga. Watasema kwamba mwanafunzi wa Kampala, Dodoma au Eldoret huenda asifike tena Mombasa maishani, na kwamba kumnyima Bamburi na ufuo ni kumdhulumu. Hoja hiyo si dhaifu. Nauli ni ghali, na wengine huwa hawajawahi kuiona bahari. Hata hivyo, bahari iko Mama Ngina, na haina kiingilio. Isitoshe, ikiwa ni kweli kwamba safari ni moja maishani, basi hiyo ndiyo sababu ya kutoitawanya. Vituo vitano vya nusu nusu saa husahaulika kabla ya basi kufika Voi, ilhali mazungumzo ya saa tatu na mzee mmoja huweza kumwongoza mtu miaka kumi ya utafiti.

Kuna pia haki ya wenyeji. Wahenga walisema: mgeni njoo, mwenyeji apone. Mwenyeji atapona vipi kwa mgeni anayepiga picha ya mlango wake wa nakshi na kuondoka bila salamu? Wazee wanaokikumbuka Kimvita cha utotoni mwao wanapungua kila mwaka, na kila basi linalopita bila kusimama ni nafasi iliyopotea ya kuwasikiliza. Baadhi ya sauti hizo hazitakuwapo ziara ya mwaka ujao itakapofika.

Idara na vyama vya wanafunzi vinavyoandaa safari ijayo havihitaji fedha zaidi. Vinahitaji kufuta mistari mitatu katika ratiba, kumpigia simu mwenyeji mwezi mmoja kabla, na kumwambia dereva asiwashe gari mpaka kahawa iishe.