AIBU NI YA NANI?

Wako watu wasemao ya kwamba mambo waliyotendwa wanawake katika vita vya Kongo hayafai kuandikwa gazetini. Hata wazee wa heshima twawasikia: "Yafichwe, ni aibu." Sisi twauliza, aibu ya nani? Mwizi akivunja nyumba, mwenye nyumba ndiye afunikwe uso?

Bibi Julienne Lusenge alikataa kuficha. Alikuwa mtangazaji wa redio huko mashariki ya Kongo, na mwaka 2000, vita vikiwa vinawaka, yeye na wenzake waliunda chama chao, SOFEPADI. Mjini Bunia, katika Ituri, chama hicho kilijenga hospitali iitwayo Karibuni wa Mama. Jina hilo hatuhitaji kufasiriwa. Mama aliyenajisiwa na askari, kisha akafukuzwa na mumewe, huko aambiwa karibu.

Lakini dawa peke yake haitoshi. Sheria ya Kongo ya Julai 2006 yasema mbakaji afungwe miaka 5 hadi 20, na kesi iamuliwe katika miezi mitatu. Imeandikwa vizuri sana. Walakini vijijini baba wa msichana hukaa na baba wa mkosaji, ikatolewa mbuzi au fedha kidogo, na msichana mwenyewe hakuulizwa neno. Ndiyo maana Bibi Lusenge na wenzake huwatafutia wanawake hawa mawakili.

Wala asidhani mtu kwamba huyu mama huwashtaki watu wa msituni tu. Mwaka 2020 Shirika la Afya Ulimwenguni lilimteua, pamoja na Bibi Aïchatou Mindaoudou wa Niger, kuongoza uchunguzi wa wanawake waliodhulumiwa wakati wa Ebola. Taarifa ya Septemba 2021 ilitaja watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa watu wa Shirika lenyewe. Walikuja kwa jina la msaada!

Sasa yako mambo ya fedha. Tarehe 9 Februari 2022 Mahakama ya Dunia iliiamuru Uganda kuilipa Kongo dola milioni 325 kwa maovu ya vita vya 1998 hadi 2003. Katika hizo, milioni 225 ni kwa madhara waliyopata watu, na kunajisiwa kumetajwa humo. Basi, ndugu, kiongozi yeyote atakayesimama jukwaani kujisifu kwa fedha hizo na aulizwe palepale, mbele ya watu: mama wa Ituri amepewa kiasi gani mkononi mwake?