Mizani ya Wahenga na Karamu za Harusi Zetu



Sifa zote njema zamstahiki Mwenyezi Mungu, aliyemjaalia mwanadamu akili na kuweka mizani katika kila alichokiumba. Mwezi huu twapenda kulizungumza jambo ambalo wengi wetu hulilalamikia pembeni, lakini tukifika mbele ya kamati hunyamaza: gharama za harusi.

Kijana mmoja wa jamaa yetu alitujia kutaka ushauri. Miezi saba ilikuwa imepita tangu afunge ndoa, naye bado alikuwa akilipa madeni ya ukumbi, mapambo na mpiga picha. Michango haikutosha, akakopa kwa simu, mikopo midogo midogo, kila mmoja na riba yake. Tulitafakari hili, ndugu zetu: kijana alikusudia kutekeleza sunna, nasi tukamsindikiza kwa vigelegele mpaka mlangoni mwa riba.

Ugonjwa huu si mgeni. Aristotle, mwanafalsafa wa Kiyunani aliyeishi kati ya mwaka 384 na 322 kabla ya Nabii Isa (a.s.), aliuchambua katika kitabu chake cha maadili. Alifundisha kwamba tabia njema hukaa katikati ya maovu mawili: ukarimu, kwa mfano, hukaa kati ya ubahili na ufujaji. Wala katikati hiyo si nusu ya hesabu. Chakula kisichomshibisha Milo, mpiga mieleka mashuhuri, kaweza kuwa kingi mno kwa anayeanza mazoezi. Vivyo hivyo ukarimu hupimwa kwa uwezo wa mtoaji, si kwa wingi wa kitolewacho. Alimtaja pia mtu anayewaandalia wenziwe mlo wa kawaida kwa gharama za karamu ya harusi, ili tu mali yake ionekane. Akaonya kwamba mfujaji, mali ikimwishia, huanza kuchukua pasipostahili. Na miongoni mwa wachumao kwa njia mbaya, akawataja wakopeshao fedha kidogo kwa faida kubwa.

Ndugu wengine watauliza: tunayo Qur'ani na Sunna, Wayunani ni wa nini? Swali hili ni la haki. Imam Ghazali (1058–1111) aliwakosoa wanafalsafa vikali katika Tahafut al-Falasifa. Hata hivyo, katika Ihya Ulum al-Din alilikubali fundisho la wastani, ambalo Miskawayh, aliyefariki mwaka 1030, alikuwa amelieleza kabla yake katika Tahdhib al-Akhlaq. Ghazali alieleza kwamba mbadilisha fedha aliye hodari hadhuriki akitia mkono katika mfuko wa mwenye sarafu bandia, kwa kuwa anaijua iliyo halisi. Sisi kipimo chetu ni Qur'ani Tukufu. Sura Al-Furqan inawasifu waja wa Mwenyezi Mungu ambao watoapo hawafuji wala hawabani, bali hushika njia ya kati. Basi neno la mwanafalsafa likikubaliana na kipimo hiki, hatuna sababu ya kulitupa.

Na Mtume wetu Mtukufu (s.a.w.) alitangulia kwa vitendo. Alimwambia Abdurrahman bin Auf afanye walima japo kwa kondoo mmoja. Na walima yake mwenyewe alipomwoa Bibi Safiyya (r.a.) ilikuwa ya tende, maziwa makavu na samli, bila mkate wala nyama. Nani miongoni mwetu leo angethubutu kuwaita watu kwa tende na samli?

Husemwa kwamba harusi ni ya mara moja, tena fedha ni za michango. Kweli, hata Aristotle aliihesabu harusi kuwa mahali pa kutumia kwa ukunjufu, lakini kwa aliye nacho. Asiye nacho akijilazimisha, alisema, ni mpumbavu. Na hiyo michango hutoka wapi? Mjane aliyepelekewa kadi hutoa kwa kuogopa macho ya watu, kisha karo ya mwanawe hupungua. Fedha itolewayo kwa haya haiitwi ukarimu, wala anayeipokea hajakirimiwa.

Mwanafalsafa huyo alishauri kwamba aliyeegemea upande mmoja ajivute upande wa pili, kama wanyooshao mti uliopinda. Sisi tumepinda upande wa ufujaji. Kwa hiyo twapendekeza haya: ndoa zifungwe msikitini, na walima iwe ya chakula kimoja; kamati zisipitishe bajeti inayohitaji mkopo hata wa shilingi moja; na sehemu kubwa ya michango wakabidhiwe maarusi iwe mtaji wa maisha yao. Zaidi ya yote, wenye uwezo ndio waanze. Fukara akifanya karamu ndogo atasemwa. Tajiri akifanya hivyo atakuwa amewafungulia njia vijana wengi wanaochelewa kuoa kwa kuogopa gharama.

Yule kijana amebakiza deni la miezi minne. Mdogo wake anatarajia kuoa baada ya Idi. Atakapotuletea kadi, jibu letu ndilo litakaloonesha kama tumeyaelewa haya.

Mwenyezi Mungu atujalie njia ya kati, na aziepushe nyumba zetu na riba. Amina.