Ukiambiwa uvumilie, uliza kwanza ngazi iko wapi

Pengine ushakutana na zile video kwenye simu yako. Kijana wa Uganda, Dennis Kasumba, amechuchumaa kwenye vumbi, matairi makuukuu ndiyo jimu yake, anadaka mpira baada ya mpira kana kwamba kuna mtu amemwekea saa. Ukaipenda, ukaisambaza, ukaendelea na shughuli zako. Mwaka 2023 kijana huyo alifika Marekani na kuchezea Frederick Keys ya Maryland, katika ligi ya vijana wanaotafuta kuteuliwa na klabu za kulipwa.

Sisi huku tukasema, "Si unaona? Bidii hulipa!" Hapo ndipo nataka tubishane kidogo. Bidii hulipa, sawa. Lakini humlipa nani, lini, na kabla ya siku hiyo kufika unakula nini?

Kasumba ni mdakaji. Kama besiboli huijui, mfikirie mlinda wiketi wa kriketi, kisha umwongezee kazi. Anachuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea mipira inayoweza kupita kasi ya kilomita 150 kwa saa, zaidi ya mara mia moja kwa mechi. Mpira ukiguswa kidogo tu na gongo, unaweza kumpata kifuani, shingoni au kidoleni. Mpinzani akijaribu kuiba kituo cha pili, mdakaji ana kama sekunde mbili hivi mpira ufike huko, umbali wa karibu mita 39. Na katikati ya hayo yote, ni yeye humwashiria mrushaji mpira wa kutupa. Wamarekani wana utani wa zamani kuhusu barakoa na kinga anazovaa: wanaziita vifaa vya ujinga. Yaani mwenye akili zake angetafuta nafasi nyingine uwanjani.

Mdakaji basi hazaliwi, hutengenezwa. Na hutengenezwa polepole, katika ligi ndogo. Kila klabu ya ligi kuu ina timu za chini zilizopangwa kama ngazi, na kijana hupanda moja baada ya nyingine. Wengi hukwama njiani. Mdakaji hukawia zaidi kwa sababu ana mengi ya kusoma: magoti yake mwenyewe, mikono ya warushaji, udhaifu wa wapigaji.

Mfano ninaoupenda ni Mike Piazza. Mwaka 1988 klabu ya Los Angeles Dodgers ilimteua katika raundi ya 62, akiwa nambari 1,390. Ndiyo, umesoma vizuri. Na hata hapo aliingia kwa kujuana. Tommy Lasorda, kocha wa Dodgers wakati huo, alikuwa rafiki wa babake, na jina la kijana liliwekwa kama fadhila tu. Alikuwa akicheza kituo cha kwanza, na hakuna aliyemhitaji hapo. Lasorda akasukuma wazo kwamba kijana ageuzwe mdakaji, kazi ambayo hakuwa ameizoea.

Unajua tunavyowaongelea watu wa aina hiyo. "Huyo ni mtoto wa fulani, ako sorted." Lakini rafiki wa baba hawezi kukudakia mpira. Piazza alienda hadi kwenye akademia ya Dodgers katika Jamhuri ya Dominika, akajifunze kudaka miongoni mwa vijana waliozungumza Kihispania. Kisha akapanda ngazi: Salem, Vero Beach, Bakersfield, San Antonio, Albuquerque. Mnamo Septemba 1992 akaitwa ligi kuu. Mwaka uliofuata akapiga mipira 35 ya kuvuka ua, akatawazwa mchezaji chipukizi bora wa ligi yake bila kura hata moja kupinga.

Mkono wake wa kurusha haukuwahi kuwa wa kutisha. Wapinzani walimwibia vituo miaka yote na wakosoaji hawakunyamaza. Ila alipostaafu, hakuna mdakaji aliyekuwa amewahi kumfikia kwa mipira ya kuvuka ua: 396 akiwa katika nafasi hiyo. Mwaka 2016 aliingizwa kwenye jumba la magwiji siku moja na Ken Griffey Jr., aliyekuwa chaguo la kwanza kabisa mwaka 1987. Nambari 1 na nambari 1,390 kwenye jukwaa moja.

Kama makala haya yangekuwa ya kukutia moyo tu, ningeishia hapo. Ningekuambia chukua kazi ambayo wengine wanaikimbia, vumilia, na wewe utafika. Na sehemu ya kwanza naiamini kabisa. Ukikosa nafasi pale kila mtu anapopigania, angalia pale ambapo watu wanaogopa kuchafuka.

Lakini kuna jambo tunalolirukia. Babake Piazza alikuwa tajiri, mwuzaji magari. Kijana alipokuwa akijifunza kuchuchumaa, nyumbani hakukuwa na mtu anayesubiri atume pesa ya unga. Uvumilivu una bei, na yeye bei hiyo alikuwa amelipiwa.

Wenzake wengi hawakuwa na bahati hiyo. Kwa miaka mingi wachezaji wa ligi ndogo walilipwa pesa kidogo sana, na za miezi ya msimu tu. Mazoezi ya kabla ya msimu? Bure. Walipolalamika, jibu lilikuwa lile lile unalolijua: hii si ajira, hii ni safari ya ndoto zenu. Mwaka 2014 baadhi yao wakaenda mahakamani. Kesi ikamalizwa mwaka 2022 kwa makubaliano ya dola milioni 185. Mwaka huo huo wakajiunga na chama cha wachezaji, na mwaka 2023 wakapata mkataba wao wa kwanza wa pamoja. Katika ngazi ya juu ya ligi ndogo, malipo ya chini kabisa kwa mwaka yakapanda kutoka dola 17,500 hadi 35,800. Katika ngazi ya Single-A yakatoka dola 11,000 hadi 26,200.

Tena ngazi yenyewe ilikuwa imefupishwa. Kuanzia msimu wa 2021, timu za ligi ndogo zilizo chini ya klabu kuu zilipunguzwa kutoka 160 hadi 120, na raundi za uteuzi sasa ni 20 pekee. Kijana wa raundi ya 62 leo hayupo. Hata rafiki wa baba hangemsaidia.

Sasa rudi hapa kwetu. Unajua mtu aliyemaliza chuo na sasa ni mwanagenzi mwaka wa pili, hajui kama atawahi kuajiriwa. Nauli anaomba dadake. Akiuliza kuhusu malipo anaambiwa, "Wewe jifunze kwanza, utapata uzoefu." Mwaka 2024 tuliona madaktari wanagenzi wakipigania shilingi 206,000 zilizokuwa kwenye mkataba wa 2017, huku serikali ikitaka kuwapa 70,000. Wapo waliowaita walafi. Mimi niliona watu waliosoma kilichoandikwa na kukataa kulipwa kwa maneno matamu.

Kwa hivyo, siku ukiambiwa uvumilie, usikasirike, na usiitikie haraka. Uliza maswali matatu. La kwanza: nani ananifundisha, na ananifundisha nini ambacho sikukijua mwezi jana? La pili: ngazi inayofuata inaitwaje, na nani aliyeipanda akitokea hapa nilipo? La tatu: nikiwa bado napanda, nauli na chakula vinatoka wapi? Majibu yakiwepo, chuchumaa, bana meno, daka kila kinachokuja. Miaka minne si mingi kwa mtu anayeona anakopanda.

Yasipokuwepo, basi hapo hujengwi. Unatumika. Tafuta wenzako mlio katika hali moja, kaeni chini, mwulize kwa pamoja. Wachezaji wale wa ligi ndogo walipokuwa wakilalamika mmoja mmoja, waliitwa wasio na shukrani. Walipounda kauli moja, wakaitwa mezani.

Na video ya Kasumba ikipita tena kwenye simu yako, iangalie vizuri. Bidii yake haina swali. Swali ni hili: kijana anayejituma kiasi kile, mbona uwanja na vifaa vilisubiri kwanza simu imrekodi?