Hindi Lenye Mapengo

Mwulize mwanafunzi wa Kidato cha Tatu tofauti iliyopo baina ya uchavushaji na utungisho, naye atakujibu kwa sentensi mbili alizozikariri neno kwa neno. Kisha mpe hindi lenye mapengo, umwulize kwa nini baadhi ya punje hazikutokea. Hapo atanyamaza. Wapo watakaosema mbegu ilikuwa mbovu. Na nimewahi kumsikia mmoja akisema, bila ya utani, kwamba shamba lilitiwa jicho. Kwa maoni yangu kosa si la mwanafunzi. Tumemfundisha utungisho kwa mchoro wa ubaoni, ilhali nyuma ya darasa pana shamba la mahindi.

Husemwa kwamba mhindi haufai kufundishia kwa sababu maua yake hayana petali, na ya kiume yametengana na ya kike. Kwangu mimi hiyo ndiyo sifa yake. Ya kiume yako kileleni, katika mbelewele. Ya kike yamepangwa juu ya gunzi, na kila udevu utokao nje ya maganda ni wa ovuli moja tu. Chembe ya chavua ikipeperushwa na upepo na kunaswa na udevu, uchavushaji umekwisha, lakini hakuna kilichotungishwa bado. Hapana budi chembe hiyo, ambayo upana wake ni kiasi cha sehemu moja ya kumi ya milimita, iote mrija utakaopenya ndani ya udevu hadi kwenye ovuli. Safari hiyo yaweza kufikia sentimita 30, na kwa kawaida huchukua kama siku moja.

Mrija hubeba seli mbili za kiume. Moja huungana na yai na kufanya kiinitete. Ya pili huungana na viini viwili vilivyo katikati ya mfuko wa kiinitete, na hapo hutokea endospermu, yaani akiba ya wanga. Ndiyo maana seli za kiinitete cha mhindi zina kromosomu 20, na za endospermu 30. Utungisho huu maradufu ulielezwa na Sergei Nawaschin mwaka 1898; mwaka uliofuata Léon Guignard wa Ufaransa akachapisha matokeo kama hayo. Anayedhani kwamba hayo ni mambo ya maabara za ng'ambo na akumbuke kwamba sembe anayokula karibu yote ni zao la muungano ule wa pili.

Ushahidi wake huonekana kwa macho. Mahindi meupe yakipandwa jirani na ya manjano, hindi jeupe huvunwa likiwa na punje za manjano hapa na pale. Rangi hiyo imo katika endospermu, nayo imeletwa na baba msimu huo huo.

Ningependa kila mwalimu afanye jambo moja. Siku chache baada ya ndevu kupata chavua, achume hindi changa, achane maganda kwa wembe bila ya kukata ndevu, kisha alitikise taratibu. Ndevu za ovuli zilizotungishwa zitadondoka, nyingine zitang'ang'ania. Nilipofanya hivyo mara ya kwanza, msichana aliyekuwa kimya mwaka mzima aliuliza: je, ndevu zikichelewa kutoka?

Swali lake ndilo swali la mkulima. Ukame ukipiga wakati wa kuchanua, ndevu huchelewa, na pengine chavua humalizika kabla hazijachomoza. Joto kali nalo huua chavua. Hindi litakuwa na mapengo hata kama mbegu ilikuwa bora na mbolea ilitosha. Hilo halimo katika swali la "taja sehemu za ua", ambalo sisi walimu twalipenda kwa kuwa ni jepesi kusahihisha.

Nitaambiwa kwamba msimu wa mahindi haulingani na ratiba ya mada. Basi ratiba na isogezwe, maana mhindi hauwezi kusubiri. Shule isiyo na shamba yaweza kupanda mihindi ishirini kando ya darasa, lakini iipande kwa safu nne fupi zilizo karibu karibu. Ikipandwa katika mstari mmoja mrefu, upepo utaichukua chavua yote kwa jirani.