Swali la 'ulikuwa wapi?' lageuka mzigo kwa manusura wa Agosti 7

MKENYA yeyote aliyekuwa na umri wa kupambanua mambo mwaka 1998 hakosi jawabu akiulizwa alikuwa wapi bomu lilipolipuka jijini Nairobi. Ilikuwa Ijumaa, Agosti 7, yapata saa nne na nusu asubuhi. Kuna aliyekuwa akichagua nguo Gikomba, kuna aliyekuwa ndani ya matatu katika Barabara ya Jogoo, na kuna aliyekuwa kijijini akaletewa habari na jirani mwenye redio.

Simu za mkononi wakati huo zilikuwa za wachache wenye uwezo. Aghalabu habari ilisafiri kwa redio na kwa vinywa vya watu, na aliyekuwa na jamaa anayefanya kazi katikati mwa jiji alilazimika kungoja. Ndiyo sababu masimulizi mengi ya siku hiyo ni masimulizi ya kungoja: hadi jioni, hadi kesho yake, na kwa wengine hadi chumba cha maiti.

Masimulizi ya aina hii ni ya walio wengi, nayo hayamgharimu msimuliaji chochote. Kwa waliokuwa karibu na makutano ya barabara za Haile Selassie na Moi, swali lilo hilo lina uzito mwingine kabisa.

Watu 213 waliuawa Nairobi na wapatao 5,000 wakajeruhiwa, huku wengine 11 wakifa katika shambulizi lililofanywa Dar es Salaam takriban wakati mmoja. Jumba la Ufundi, lililopakana na ubalozi wa Marekani, liliporomoka na kuwafukia waliokuwamo. Wamarekani waliokufa Nairobi walikuwa 12. Wengine karibu wote walikuwa Wakenya: makarani, wanafunzi, wachuuzi na wapita njia, wengi wao wakiwa hawana shughuli yoyote ubalozini.

Kabla ya mlipuko mkuu kulisikika milio ya risasi na guruneti. Watu katika majengo ya jirani waliinuka kwenda madirishani kuona kulikoni, na vioo vikawapasukia usoni. Wengi walipoteza macho kwa namna hiyo. Balozi wa Marekani wakati huo, Bi Prudence Bushnell, alikuwa mkutanoni na Waziri wa Biashara, marehemu Joseph Kamotho, katika jengo la Benki ya Ushirika. Ameeleza hadharani kuwa waliokuwa naye waliinuka kuelekea dirishani naye akawa nyuma yao. Hatua chache tu ndizo zilizoamua nani angeona tena na nani asingeona.

Hatua hizo, baada ya zaidi ya robo karne, zimekuwa jambo la kuthibitishwa. Mwaka 2020 Sudan ilikubali kulipa dola milioni 335 kuhusiana na mashambulizi hayo pamoja na mengine dhidi ya Wamarekani. Mapatano hayo yaliwahusu raia wa Marekani na waliokuwa wakifanya kazi ubalozini. Mchuuzi wa Kikenya aliyekatwa na kioo kilekile hakuhesabiwa. Ni kweli kwamba Marekani ilitoa misaada ya matibabu, karo na ukarabati wa majengo baada ya mkasa, lakini msaada si fidia, na manusura wameirudia tofauti hiyo kila Agosti bila kuchoka. Kilio chao kilifika hadi katika Seneti, iliyounda kamati maalumu ya kulichunguza suala hilo.

Ikiwa siku moja fidia itapatikana, swali la kwanza litakuwa lilelile: ulikuwa wapi? Aliyeajiriwa na benki atakuwa na barua ya kazi. Muuza karanga atakuwa na nini, ghairi ya kovu na maneno yake?

Nayo maneno, kwa bahati mbaya, si hifadhi madhubuti. Baada ya chombo cha anga Challenger kulipuka Januari 1986, wanasaikolojia Ulric Neisser na Nicole Harsch waliwataka wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory nchini Marekani waandike, kesho yake, walivyoipata habari hiyo. Miaka miwili na ushei baadaye waliwauliza tena 44 kati yao. Robo ya hao walikosea kila kipengele kikuu walichoulizwa, ilhali wengi walikuwa na yakini kubwa. Walipoonyeshwa mwandiko wao wenyewe, wapo walioshikilia simulizi jipya.

Hao walikuwa watu walioipata habari kwa mbali, bila hata mchubuko. Manusura aliyepoteza fahamu chini ya vifusi, akazinduka hospitalini, akitofautiana na wenzake kuhusu ghorofa au dakika, asihesabiwe kuwa mwongo. Wakili hodari ataweza kumbana katika dakika tano. Haki inataka rekodi za hospitali za mwaka 1998 zitafutwe kwanza, kabla ya manusura kuhojiwa kama mshukiwa. Na hilo ni jukumu la serikali, si lake.

Kosa kubwa zaidi ni la ukawiaji. Ushahidi wa kumbukumbu una thamani unaponakiliwa mapema, na kazi hiyo ilistahili kufanywa kwa kila majeruhi wakati majeraha yangali mabichi. Sasa zaidi ya nusu ya Wakenya walikuwa bado hawajazaliwa bomu lilipolipuka, na manusura wanazidi kuzeeka na kufa. Katika bustani ya kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka 2001 palipokuwa na ubalozi, ukuta umeandikwa majina ya waliokufa. Maelfu ya waliojeruhiwa hawamo ukutani humo.