Sosera Siyo "Wizadi Maskini", Wajuaji wa D&D Waache Kufukuza Wageni Mezani

Kuna kundi moja la washkaji wanaocheza Dungeons & Dragons mtandaoni kila Jumamosi usiku. Walimpokea dada mmoja mgeni, jina kapuni, aliyekuja na mzuka wote na mhusika wake kamili kichwani: binti mwenye damu ya joka, uchawi anao tangu kuzaliwa, na yeye mwenyewe haelewi umetoka wapi. Yaani sosera. Hajarusha dadu hata mara moja, jamaa mmoja mkongwe wa meza akamkatisha: "Sosera wa nini? Huyo ni wizadi maskini. Badilisha!"

Ikafuata nusu saa ya lekcha, majedwali na linki za video. Dada wa watu akabadilisha. Wiki ya tatu akaaga, akasema mchezo una homuweki kuliko chuo. Mpaka leo hajarudi.

Jamaa anajiona kamsaidia. Ukweli ni kwamba kamfukuza, tena kwa hoja ambayo ukiishika vizuri inakatika katikati.

Kwa ambao hawajawahi kukaa kwenye meza hizi, ishu iko hivi. Wizadi ni msomi. Uchawi wake umeandikwa kwenye kitabu, na kila akiamka anachagua speli za kutembea nazo siku hiyo. Sosera hana kitabu, anazo chache zilizomo damuni, lakini anaweza kuzipinda atakavyo. Woloki yeye kakopa, kafunga mkataba na kiumbe chenye nguvu na analipia. Watatu hao ndio wanaogombanisha watu kama Simba na Yanga.

Hoja ya timu wizadi ni namba. Kwa kanuni za 2014, wizadi akifika leveli ya 20 kitabu chake kina speli zisizopungua 44: sita za kuanzia na mbili kila akipanda leveli. Sosera wa leveli hiyo anajua 15. Arobaini na nne kwa kumi na tano, mechi imeisha, twende nyumbani.

Mechi haijaisha. Speli zilizo kitabuni siyo speli zilizo mkononi. Chukua leveli ya 5. Wizadi ana 14 kitabuni, lakini anazoruhusiwa kuandaa kwa siku ni leveli yake ukijumlisha na alama ya akili, kwa kawaida tisa hivi. Sosera anajua sita. Pengo lililokuwa linatisha limebaki la speli tatu. Na nafasi za kuzirushia? Wote wana tisa kwa siku: nne za daraja la kwanza, tatu za daraja la pili, mbili za daraja la tatu. Sawasawa kabisa. Hicho kipande wajuaji huwa wanakiruka.

Watasema wizadi anaweza kunakili speli mpya kila akiokota hati. Kweli, lakini kwa masharti. Kunakili kunagharimu vipande 50 vya dhahabu na saa mbili kwa kila daraja la speli. Speli moja ya daraja la tatu ni dhahabu 150 na saa sita umeinamia karatasi huku wenzako wanakusubiri. Na hiyo ni pale mwendesha mchezo akiamua kuweka hati njiani. Asipoweka, hilo libwaya la maktaba linabaki stori.

Sasa kwa nini watu wanaamini kila wizadi ana maktaba? Wengi walijifunzia kwenye Baldur's Gate 3, gemu la kompyuta lililotoka 2023 na kuwaingiza maelfu kwenye huu ulimwengu. Mle hati zimezagaa kila kona, na wizadi anabadilisha speli zake muda wowote ilimradi hayupo vitani. Mezani siyo hivyo. Mezani ukiandaa vibaya asubuhi umeandaa vibaya, mpaka ulale tena saa nane. Anayekutana na mtego jioni akasema "ningejua ningekuja na ile nyingine" ni wizadi. Sosera hasemi hivyo, zake anatembea nazo zote.

Halafu kuna kile ambacho wizadi hana. Sosera anaanza na pointi zake kuanzia leveli ya 2, na kufika leveli ya 3 anachagua njia mbili za kuupinda uchawi. Moja inamruhusu kurusha speli bila kutamka neno wala kusogeza mkono. Fikiria karamu ya mfalme, walinzi wamejaa, mchawi wa adui kakaa mezani anasubiri amwone mtu anaanza kunuia ili amzime. Wizadi akifungua mdomo tu kaonekana, upanga uko shingoni. Sosera anakunywa zake juisi, anatabasamu, na waziri wa fedha anaanza kumwona kama rafiki wa toka utotoni. Adui hawezi kuzima kitu ambacho hakukiona.

Njia nyingine, kwa kanuni hizohizo za 2014, ni kuipeleka speli moja kwa watu wawili. Ile ya kuongeza kasi, wizadi anampa mpiganaji mmoja na hapo ndiyo mwisho wake. Sosera wa leveli ya 5, kwa pointi tatu kati ya tano alizonazo, anawapa wawili kwa mpigo. Na akipigwa mshale wakati ameishikilia ile speli, yeye ana mafunzo ya kustahimili maumivu bila kuiachia. Wizadi hana, labda atafute kwingine.

Haki itendeke. Wizadi anao ubora wake, na mkubwa. Kuna speli anazozisoma taratibu kutoka kitabuni bila kuziandaa na bila kutumia nafasi hata moja, na kwa kundi linalopenda upelelezi hiyo ni dhahabu. Ni kweli pia kwamba sosera wa 2014 alibaniwa. Wachapishaji wenyewe waliona: kitabu cha nyongeza cha 2020 kikaja na koo mbili za masosera zenye speli kumi za ziada kila moja, na kanuni mpya za 2024 zikapandisha idadi ya kawaida kutoka 15 hadi 22. Hapohapo wakaibana ile mbinu ya kugawia watu wawili, sasa inafanya kazi kwa speli chache tu. Wamempa huku, wamemkata kule.

Lakini kusema "alibaniwa" na kusema "hafai, badilisha" ni vitu viwili tofauti. Woloki kuanzia leveli ya 2 mpaka ya 10 ana nafasi mbili tu, anazirudisha akipumzika saa moja. Ukihesabu kwa mtindo wa jamaa, woloki angekuwa omba-omba. Mbona kila kampeni yupo na watu wanamfurahia? Kwa sababu mezani hakuna anayecheza jedwali. Watu wanacheza usiku mmoja, saa tatu au nne, mapigano mawili na mlango mmoja uliofungwa.

Na jamaa mwenyewe mkongwe, anayejimwambafai na kitabu chake? Wenzake wanamjua. Kila wikendi ni zilezile tatu: mpira wa moto, ngao, na ile ya kutoweka hapa na kutokea pale. Zote tatu sosera anaweza kuzichukua. Kwa hiyo dada wa watu alibebeshwa orodha ndefu ya kusoma, ili acheze kitu ambacho hata mshauri wake hakichezi.

Ifahamike pia kwamba mchezo huu ulipotoka Marekani mwaka 1974, mtindo wake wa mchawi kukariri speli na kuzisahau ulitokana na hadithi za mwandishi Jack Vance. Sosera alikuja mwaka 2000 na toleo la tatu, akawa mlango wa mtu asiyetaka kupanga speli kila asubuhi. Mlango ulishafunguliwa, halafu mtu mmoja kasimama pale anarudisha wageni.

Anayezijua kanuni kweli angekaa na yule dada dakika kumi, amsaidie kuchagua speli chache zisizochosha, kisha anyamaze amwone anavyocheza. Hizo chache zingemtosha. Aliyekuja na binti wa damu ya joka hakuja kutafuta mhusika mwenye namba kubwa, alikuja na stori. Meza ikapoteza stori, ikabaki na mawizadi wawili na viti vinavyozidi kuwa vitupu.

Haya timu wizadi, toeni povu hapo chini. Ila kabla ya kuandika, kila mmoja ahesabu kwanza speli alizotumia wikendi iliyopita.